Maji ya Mjomba

Mzee Jusu Vandi alifika kituoni Jumanne asubuhi, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya Bandawulo, mkononi ana kibuyu cha maji kilichozibwa kwa jani la mgomba. Mlinzi akampima joto, akamnawisha kwa maji ya klorini, akamwonyesha benchi la wageni. Mzee hakuketi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio wa nyavu za rangi ya chungwa, akauliza mkubwa wa manesi ni nani.

Mkubwa wa manesi zamu ile alikuwa Baindu Ngegba, na yeyote aliyefanya kazi pale atakuambia kwamba Baindu hakuwa mtu wa kuchezea. Ukisahau kunawa, atakurudisha getini kama mtoto wa shule. Ukigusa miwani yako ukiwa ndani, hata kama jasho linakupofusha, siku hiyo umekwisha. Pembeni walimwita Mama Klorini, naye alijua na hakujali. Tangu ugonjwa ule uingie wilayani alikuwa amepoteza manesi wenzake wawili, na mmoja wao, Musu, walilala chumba kimoja chuoni miaka yote. Musu aliponzwa na huruma. Alimwacha mama mmoja amkumbatie mwanawe anayekata roho, kisha akamshika mama yule kumwinua, mikono mitupu. Wiki mbili hazikupita, Musu naye akaondoka. Baindu aliapa kwamba huruma yake yeye ataifungia kabatini mpaka ugonjwa uishe, na kweli aliifungia.

Mzee alimweleza shida yake kwa sauti ya chini. Tenneh Kallon, mgonjwa wa hema la pili, ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake. Dada huyo alikufa mwezi uliopita kwa ugonjwa huohuo, na Tenneh ndiye aliyepiga simu kuita gari, kama redio ilivyokuwa ikiwaagiza watu kila siku. Wakaja watu wasioonekana hata nyuso, wakamtia mama wa watu kwenye mfuko, wakaenda kumzika. Mzee Jusu alikuwa shambani kwake ng'ambo ya mto. Aliporudi alikuta godoro linaungua uani na nyumba nzima inanuka dawa. Dada yake, tumbo moja, hakuoshwa, hakuagwa, hakuombwa msamaha. Hasira zikampanda. Akamwita mpwa wake mbele ya watu na kumwambia neno ambalo mjomba hapaswi kumwambia mtoto wa dada yake.

"Nilimwambia, maji uliyomnyima mama yako, koo lako nalo liyakatae," alisema mzee. "Kwa mdomo wangu huu, mwanangu."

"Na sasa?"

"Sasa nimesikia hanywi."

Kweli hakuwa anakunywa, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Tenneh alikuwa ametimiza siku ya sita. Homa imeshuka, kutapika kumekoma, na daktari mkuu alishasema huyu binti, Mungu akipenda, atatoka kwa miguu yake. Kilichobaki ni maji tu. Dripu walijaribu mara mbili mishipa ikajificha, na sheria ya kituo ilikataza kuacha sindano mkononi mwa mgonjwa kama hakuna nesi kando yake. Ilikuwa ni kikombe juu ya kikombe cha maji ya chumvi na sukari, mchana na usiku, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Tenneh akipiga funda moja, koo linafunga, yanarudi. Siku mbili nyuma alimweleza Baindu sababu, bila kulia, kama mtu anayetaja kijiji anakotoka. Alisema maji hayana kosa, yeye ndiye amefungwa. Baindu akamjibu kwamba maji ni maji na koo ni koo, aache mambo ya watu wa kale, anywe.

Sasa mjomba mwenyewe huyu hapa na kibuyu chake. Hakuwa na haja ya kueleza alichofuata, maana Baindu alikuwa mtoto wa nchi ileile. Akiwa na miaka saba aliyaona kwa macho yake, siku kaka yake Kpana aliposamehewa na mjomba wao. Kpana alipiga magoti uani. Mjomba akajaza maji kinywani, akayatema chini mbele yake, akasema, kama maji haya yalivyotoka, na uchungu wangu umetoka. Akajaza tena, akatema tena. Mara nne. Baindu ndiye aliyeshika bakuli. Kpana, aliyekuwa amekonda akabaki mifupa, jioni ile alikula wali na kisamvu cha mawese mpaka mama yao akamnyang'anya sahani.

Yote hayo aliyajua, na bado alikataa.

"Baba, hapa mate hayatemwi," alimwambia. "Hata sisi wenyewe hatutemi."

"Si mate. Ni maji."

"Yakishaingia kinywani ni mate."

Mzee akamtazama kama mtu aliyejibiwa kwa lugha ya ugenini. Akaeleza kwamba yeye si mgonjwa, siku zake ishirini na moja za kuchunguzwa zimekwisha, karatasi anayo. Akaeleza kwamba hatavuka uzio, atatema upande wake, chini, kwenye vumbi. Anachotaka ni Tenneh aletwe mlangoni mwa hema, hata akiwa amelala, aone na asikie. Baindu akasema Tenneh hana nguvu za kuletwa popote. Akasema atampelekea simu, mzee azungumze naye, amsamehe, yaishe.

"Kusema nilishasema, na ndiko kulikotuponza," alijibu mzee. "Mimi sasa nataka kutoa."

Tuwe wakweli hapa, maana Baindu mwenyewe baadaye alikuwa mkweli. Si klorini iliyomkataza. Mita mbili za ardhi zilitenganisha uzio wa ndani na uzio wa nje, na mzee angetema upande wa nje kabisa. Kilichomkataza ni madaktari wageni waliokuwa wakinywa kahawa chini ya turubai, hatua ishirini kutoka pale. Aliwaza watakavyogeuza shingo. Aliwaza watakavyonong'onezana kwamba hata huyu Baindu, huyu tuliyemwamini, naye analeta mambo ya kutemeana maji. Miezi minne alijenga jina lake kwa jasho, na akaona aibu. Aibu ya kitu cha kwao.

Basi akamwambia mzee arudi nyumbani. Mzee akasema harudi, atalala kwenye baraza la msikiti wa mjini, na kesho atakuja, na kesho kutwa atakuja, mpaka aruhusiwe.

Saa nne Baindu akavaa. Suti, buti, glavu mbili mbili, kofia, barakoa, miwani, aproni, na kalamu ikaandika kifuani jina lake na saa ya kuingia, maana ukiwa umefunikwa hivyo huna sura, na joto lile halikupi zaidi ya saa moja. Alimkuta Tenneh ameegemea mto, midomo imepasuka, kikombe kimejaa kando yake. Na pale, akiwa na haraka na huruma iliyokosa mlango wa kutokea, akafanya alichokifanya.

"Mjomba wako amekuja," alisema.

Tenneh akafumbua macho yote mawili. "Mjomba Jusu? Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Vumbi mpaka magotini."

"Na maji ametoa?"

Angeweza kusema bado. Angeweza kusema kesho. "Ametoa," alisema Baindu. "Ametemea pale nje ya uzio. Amesema uchungu wake umetoka. Haya, kunywa mama, usinichoshe."

Na Tenneh akanywa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda, akangoja, akanywa jingine, na koo halikufunga. Akakimaliza. Baindu akasimama akimtazama nyuma ya miwani iliyojaa ukungu, akaona basi, uongo mdogo umemtoa mtu kaburini. Akajaza cha pili. Tenneh alikuwa akitabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale alikuwa binti wa miaka ishirini, si mgonjwa namba fulani.

"Yule mzee meno ya mbele hana," alisema. "Najua yote yamemmwagikia ndevuni."

"Ndevu zote chapachapa," alisema Baindu, na wote wawili wakacheka.

"Alitema mara ngapi, sista?"

Hakuuliza kwa kumtega. Alitaka tu aione picha vizuri, kama mtu anayeuliza harusi ilikuwaje. Baindu hakufikiri. Mdomo ulikwenda kwenye kile macho yake yalichowahi kuona, uani kwao, bakuli mkononi.

"Mara nne."

Kikombe kilikuwa kimekaribia midomo. Kikasimama hapo kidogo, kisha Tenneh akakirudisha kwenye stuli, taratibu, asimwage.

"Asante, sista," alisema. Akalala, akageukia ukuta wa turubai.

Baindu akamsihi anywe, akasema atakunywa baadaye. Mwenzake akampungia kutoka mlangoni kwamba saa yake imekwisha. Akatoka. Ilikuwa ni wakati wa kuvuliwa, amenyoosha mikono kama sanamu ya kufukuza ndege shambani na mpuliza dawa akimpulizia klorini kutoka kichwani hadi kwenye buti, ndipo jambo lile likampiga. Tatu. Mwanamke ni tatu. Mwanamume ndiye nne. Mtoto mchanga wa kike hutolewa nje siku ya tatu, wa kiume siku ya nne. Matanga ya mama ni siku ya tatu, ya baba siku ya nne. Hakuna mtu wa kwao anayefundishwa hayo, unakua nayo. Kpana alitolewa maji mara nne kwa sababu Kpana ni mwanamume. Na hakuna mjomba duniani, hata awe mlevi, atakayemtolea mpwa wake wa kike mara nne. Tenneh alijua hapohapo kwamba hakuna maji yaliyotemwa.

Au pengine alidhani yametemwa vibaya, na kifungo kimekaza zaidi. Vyovyote vile, kikombe alikirudisha.

Angeweza kumtuma mwenzake aliyekuwa ndani. Kelele moja tu juu ya uzio: mwambie Tenneh nimekosea, mwambie mjomba yupo, anamngoja. Lakini angelisemaje hilo mbele ya watu, yeye Mama Klorini, kwamba amemdanganya mgonjwa, na uongo wenyewe kaukosea hesabu? Akajiambia kikombe kimoja kimeshapita, si haba. Akajiambia anahitaji kupumzika kwanza. Akanywa maji yeye, chupa nzima, kwa pumzi moja, na bado hakusema neno.

Alasiri dhamiri ikamzidi nguvu. Alikwenda kwa daktari mkuu, mzungu mrefu mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua, akamweleza habari ya mzee na kibuyu. Alieleza kwa kuomba radhi karibu kila neno, akitazama chini. Habari ya uongo wake hakuitaja. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mzee anasimama wapi, maji yanaangukia wapi, kisha akashangaa.

"Yuko nje, anatema nje, sisi tunapulizia dawa. Kuna tatizo gani?" aliuliza. "Mbona hukuniambia asubuhi?"

Laiti angemfokea. Baindu alikuwa amejiandaa kufokewa, kuchekwa, kukatazwa. Hakujiandaa kwa swali lile. Mgeni aliyeshuka ndegeni juzi ameona njia kwa dakika mbili, na yeye aliyeshika bakuli akiwa na miaka saba hakuiona. Hapana, aliiona. Aliiona akaifunika.

Akamtuma mlinzi mbiombio msikitini. Mlinzi akarudi peke yake. Mzee hayupo, wanasema kaenda makaburini. Makaburi yale mapya yalikuwa nyuma ya kilima, safu kwa safu, na vibao vyake vingi vilikuwa na namba tu. Mzee Jusu alikuwa akizunguka huko kumtafuta dada yake, na giza lilipoingia alikuwa bado hajampata.

Asubuhi ya Jumatano Baindu alifika kabla ya zamu. Alichora mwenyewe mstari wa chokaa chini, upande wa nje wa uzio, mahali mzee atakaposimama. Akamwambia mpuliza dawa awe tayari na bomba lake. Akapanga watu wawili wa kumbeba Tenneh na godoro lake mpaka mlangoni mwa hema. Kila kitu kikawa sawa. Kisha akasimama kwenye uzio kupokea ripoti. Pale karatasi haivuki kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo nesi wa usiku husoma kwa sauti, na wa nje huandika upya. Nesi akasoma kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Kitanda cha nne, Tenneh Kallon. Amekataa maji saa mbili. Amekataa maji saa sita. Amekataa maji saa tisa. Amefariki saa kumi na moja na robo."

Kalamu ya Baindu iliandika mpaka "amekataa maji saa tisa" ikakwama. Nesi wa ndani akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye daktari alimwambia asijilaumu. Alisema ugonjwa ule hauaminiki, unaweza kukuachia asubuhi na kukurudia jioni, na figo za binti huenda zilishakwisha hata kabla ya Jumanne. Pengine ni kweli. Baindu aliyasikia yote, akaitikia, na hakuyachukua hata moja.

Mzee Jusu alikuja saa mbili kamili, kibuyu mkononi, jani jipya la mgomba juu yake. Aliuona mstari wa chokaa, akamwona mpuliza dawa amesimama tayari, uso ukamfunguka. Akamshukuru Baindu kabla hajasalimiwa. Ikabidi Baindu amwambie ukweli mkavu, wamesimama, uzio katikati yao. Mzee hakulia. Alijishika kichwa kwa mkono mmoja, ule mwingine haukuachia kibuyu.

"Aliambiwa kwamba nilikuja?" aliuliza.

"Aliambiwa, baba. Alifurahi. Alikunywa kikombe kizima."

"Kikombe kizima?"

"Akacheka. Alisema maji yatakuwa yamekumwagikia ndevuni, kwa kuwa huna meno."

Mzee akatikisa kichwa na tabasamu likampita, dogo, la kumjua mtu wake. Na hapo Baindu angeweza kunyamaza. Angemwacha mzee arudi Bandawulo na kikombe kile kizima na kicheko kile. Lakini alikuwa ameshamwona Tenneh akikirudisha kikombe kwenye stuli, na hakuweza kudanganya mara ya pili katika ukoo mmoja.

"Nilimwambia umeshatoa maji," alisema. "Akaniuliza mara ngapi. Nikamwambia mara nne."

"Nne."

"Nne, baba."

Mzee akakiinamia kibuyu, na mpuliza dawa akaanza kutazama pembeni. Mzee akasema, kama anayezungumza na kibuyu, kwamba mtoto yule alikuwa na akili sana tangu mdogo, huwezi kumficha kitu. Hakumtukana Baindu. Hakuinua sauti. Alimuuliza tu mwili uko wapi, na kama utazikwa karibu na mama yake. Baindu akaahidi, na ahadi hiyo aliitimiza. Alisimamia yeye mwenyewe mfuko uwe mweupe, akamwandikia jina lake kwenye kibao badala ya namba, na mama yake akatafutwa kwenye daftari mpaka akapatikana.

Kisha mzee akaomba jambo moja. Neno bado liko kinywani mwake, alisema, na hawezi kurudi nalo nyumbani. Tenneh hayupo wa kusikia, lakini aliyempelekea habari ya maji haya ni huyu sista. Basi sista asimame hapohapo kwenye uzio, badala ya Tenneh.

Baindu akasimama. Madaktari wageni walikuwa chini ya turubai na kahawa yao, wengine wakitazama, na hakugeuka kuona ni akina nani. Mzee akatoa jani, akajaza maji kinywani, akatema chini kwenye vumbi, nyuma ya mstari wa chokaa. Akasema, Tenneh, kama maji haya yalivyotoka, na uchungu wangu umetoka. Mengine yakamchuruzika ndevuni. Akatema tena, akasema tena. Akatema mara ya tatu, akafunga kibuyu. Mpuliza dawa akasogea akapulizia pale palipolowa, na jua likapakausha, pakawa vilevile palivyokuwa.

Kwa mazoea tu, Baindu alikuwa ameitazama saa. Kazi ile inakufundisha kupima kila kitu kwa saa. Mara zote tatu hazikutimiza hata dakika moja. Kunawa mikono vizuri pale getini kunachukua muda mrefu zaidi.

Mzee akaaga. Alikuwa ameshageuka aliposikia Baindu akimwita, na sauti haikuwa ya Mama Klorini.

"Na mimi, baba?"

Mzee akatazama kibuyu, akakitikisa, maji yalikuwepo bado. Akamtazama Baindu bila chuki yoyote.

"Wewe sikukulaani, mwanangu," alisema. "Siwezi kutoa nisichokitia."

Akalikaza jani lake, akashika njia ya makaburini.